Mwaka Maganga Alipojifunza Klachi

Nilipopata habari kwamba Mama Maganga amefariki, nililia kidogo, nikajipangusa, kisha nikaanza kutafuta maneno ya kwenda kumtukana nayo. Sisi Wasagara ni watani wa Wanyamwezi, na mtani haingii msibani kama watu wengine, kichwa kimeinama na khanga imefunika mdomo. Ndani ya basi la kutoka Kilosa kwenda Mikumi nilikaa dirishani nikiyapanga matusi yangu kama mtoto anayekariri masomo, na kila nilipopata moja zuri machozi yalinitoka upya, mpaka kijana aliyekaa pembeni yangu akashindwa kuvumilia. "Shikamoo bibi. Unaumwa?" Nikamwambia marahaba mwanangu, siumwi, najiandaa na msiba. Akasogea kidogo.

Nilipofika sikusalimia mtu. Niliingia moja kwa moja chumbani kwa marehemu, nikachukua khanga yake ya jikoni, iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki, nikaifunga juu ya gauni langu, nikaokota mwiko, nikatoka uani. Nikatembea kama yeye, kiuno kimeangukia upande mmoja, nikawapitia waombolezaji mmoja mmoja. "Wewe umekula? Umelipa? Unadhani hapa ni kwa shangazi yako?" Sauti yake niliipata sawasawa, maana ilinigombeza mwaka mzima. Wazee wakaangua kicheko huku wanalia. Wajukuu waliotoka Dar es Salaam wakainua simu zao kunipiga picha, na mmoja nikamsikia anamwuliza mwenzake kama huyu bibi amekunywa. Maganga, ambaye sasa ana upara kama mimi nilivyo na magoti mabovu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki anapokea pole. Nikamnyooshea mwiko. "Na wewe mguu mmoja, sufuria zimeshaoshwa?" Alicheka akashika tumbo, akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Zena, laiti tungeweza kumteka na mama, kama tulivyomteka Bi Tatu." Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na hayakuniacha nikalala vizuri mpaka nilipokaa kuandika.

Habari za kwetu Rudewa, baba alikuwa nani na mama alinifunza nini, naziacha, zinafanana na za watu wengi. Naanzia pale nilipomaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na sikuhuzunika kama ilivyotakiwa. Nilikuwa na ndoto nyingi kiasi kwamba moja ikifa sikuisikia. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Halafu nikataka kuhudumia abiria ndani ya ndege. Halafu nikasikia kwamba Mikumi kuna mama wa Kinyamwezi mwenye hoteli kando ya barabara kuu, anatafuta msichana wa kupika na kugawa chakula, nikaona hiyo ndiyo ndege yenyewe. Nilimkuta jikoni anachagua mchele. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitika bila kuinua macho, akaniuliza kabila. Nilipomtajia ndipo akaniangalia. "Msagara. Unajua kupika au unajua kula tu?"

"Vyote, mama."

"Basi tutaanza na kupika."

Hoteli ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na bati, meza ndefu zilizofunikwa kitambaa cha plastiki, na jiko la uani lililotazama vilima. Tulipika wali na maharage, mchuzi wa mbuzi, chapati, na chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi mpaka inawasha koo, kwa sababu madereva wa malori ya Zambia walisema ndiyo inayowapandisha milima ya Iringa. Mimi nilikuwa nalala stoo, juu ya kitanda cha kamba, katikati ya magunia ya mchele. Ukuta wa stoo ulikuwa bati tupu, na upande wa pili wa bati ndipo walipokaa madereva, kwa hiyo nikijilaza mchana kidogo kupumzika nilisafiri bure. Nilimsikia mmoja akieleza baridi ya Makambako ilivyomkaza vidole. Mwingine alikuwa na mke Tunduma na mke Morogoro, na wote wawili walikuwa wamemwambia wana mimba mwezi uleule. "Sasa utafanyaje?" wakamwuliza. "Nitaomba safari ya Mtwara," akasema. Hata leo nikinusa tangawizi nawasikia.

Maganga alikuwa mtoto pekee wa Mama Maganga, umri wake unakaribia miaka kumi na minane. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mkono, homa ya utotoni ilikuwa imeupooza, na alitembea na mkongojo wa kwapani uliomjaza mabega kama mpasua mawe. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, na kazi yake ya pili, aliyoipenda, ilikuwa kulinda malori wakati wenyewe wanakula. Madereva walimwamini. Walimpandisha kwenye kiti cha usukani ili wezi wamwone, na yeye alikaa pale juu amenyooka, mkono umetoka dirishani, uso wa mtu mwenye safari. Alikuwa amekaa kwenye malori ya kila aina na hajawahi kulisogeza hata moja hatua mbili. Mimi nilimpelekea chai pale juu. "Dereva, unakwenda wapi leo?" "Leo nakwenda Mbeya. Nikuletee nini?" "Viazi." "Viazi vyenyewe utaviunguza." Ndivyo tulivyokuwa tunaongea tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu mtani wako ukiongea naye kwa adabu anadhani una homa.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wamehamia kando ya barabara, kila mmoja amepimiwa kipande chake katika shamba la pamoja. Ndugu Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili mapema kwa sababu kwa muda fulani nilimwombea tumbo la kuhara. Alikuja siku moja akaagiza mchuzi, akavua kofia, akamwambia Mama Maganga kwa upole kwamba kila mtu kijijini lazima awe na kazi, kwamba kijana huyu hawezi kulima kwenye mteremko, na kwamba serikali imeweka kambi ya watu wasiojiweza, mbali kidogo, ambako atapata kitanda na chakula. "Baada ya mavuno tutampeleka. Atatunzwa vizuri, mama." Mama Maganga alichukua upawa. Alimpakulia bakuli la mchuzi lenye mfupa mtupu, akamwekea mbele. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, Maganga alikuwa nyuma yangu kwenye beseni, na nilisikia vyombo vimeacha kugongana.

Jioni ile tulikaa na Maganga kwenye magogo ya kuni. Akaanza yeye. "Kule nitakuwa nakaa kwenye mkeka nangoja sahani. Na chakula chenyewe hakitakuwa kimeungua kama chako, nitashindwa kula."

"Tafuta kazi, basi. Kazi yoyote ya kijiji, Mwenyekiti atakuacha."

"Udereva. Dereva anakaa, Zena. Kazi gani nyingine nchi hii mtu anaifanya amekaa?"

"Uenyekiti."

"Huo unahitaji kupigiwa kura."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Kijiji kilikuwa na lori moja kuukuu lililokuwa la shamba la mkonge, na dereva wake alikuwa mmoja tu, Mzee Salehe, Msagara kama mimi, ambaye macho yake yalianza kumsumbua jua likizama. Kila mtu alijua kijiji kinatafuta dereva wa pili. Mzee Salehe ndiye pia aliyefundisha udereva vijana wa pale, kwa malipo, na malipo hayo yalikuwa makubwa kuliko mapato ya beseni la vyombo. Nikasema fedha tutazipata. Sijui kwa nini nilisema kwa uhakika vile. Nafikiri nilikuwa na umri ambao mtu anasema kwanza, kisha anakwenda kutazama kama ni kweli.

Tukaanza kukaanga visheti. Mama Maganga alitupa unga na mafuta, akasema atakata kwenye mshahara wangu, na hakukata. Asubuhi kabla ya chapati tulikanda, Maganga akikata vipande kwa kisu kwa haraka ya ajabu, mimi nikikaanga, tukavichovya kwenye shira, tukavifunga kwenye karatasi. Nilivipeleka dirishani kwa mabasi na malori. Nilikuwa na mdomo. Nilimwambia kila dereva kwamba visheti hivi vinamsomesha mtu gari. "Nani, wewe?" "Yule anayelinda gari lako." Walikuwa wanageuka kumwangalia Maganga pale juu, na wengi walinunua mara mbili. Yule wa wake wawili alinunua karatasi nyingi kwa mpigo, akasema huyu akishafuzu amchukue yeye kama utingo wake, akajifiche.

Tulipoona kibaba cha fedha kimetosha, nilizifunga kwenye pindo la khanga nikaenda kwa Mzee Salehe. Nilimkuta anakula ugali na mlenda, miguu imenyooshwa kwenye jamvi. Akanikaribisha, nikanawa, nikala tonge moja kwa heshima. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja pindo langu na fedha zikiwa ndani, akalirudisha magotini kwangu. "Binti, wewe Msagara mwenzangu unakuja kuniombea Mnyamwezi?"

"Anajua mengi tayari, baba. Amejaribu kukanyaga kwa mkongojo."

"Klachi haikanyagwi kwa hamu. Ingekuwa mguu wa kushoto ni mzima kama wa kulia, ningemfundisha hata bure, mwana wa mtani. Lakini siwezi kula fedha ya mtoto kwa kitu ambacho hatakipata. Kula mlenda."

Ni vigumu kumkasirikia mtu anayekunyima kwa haki. Nilirudi na fedha zote na kifua kimejaa. Maganga aliponiona ninavyotembea alijua. Aliendelea kuosha sufuria moja ileile mpaka ikawa inang'aa kama ya harusi.

Na ni harusi iliyotuokoa. Mzee Salehe alikuwa anaoza binti yake, na mimi kama Msagara nilialikwa kwenda kupepeta mchele na kumenya vitunguu saumu. Chumba kile kilijaa wanawake, na wanawake wakimenya vitunguu hawaachi kitu bila kukisema. Ndipo nilipomsikia shangazi wa bibi harusi anaeleza utaratibu. Bi Tatu, mama mzazi wa Mzee Salehe, ndiye atakayekaa kizingitini pa chumba cha bibi harusi. Upande wa bwana harusi watampa kifungua mlango, ataridhika, atanyanyuka, na binti atatoka. "Bila Bi Tatu kunyanyuka, hapa hatoki mtu," shangazi akasema, akafuta machozi ya vitunguu. Mimi niliweka kisu chini nikasema nakwenda haja. Nilikwenda mpaka hotelini mbio.

Mama Maganga alinisikiliza huku anakuna nazi. Aliacha kukuna. "Yaani mlango mzima wa Wasagara umewekwa juu ya kikongwe mmoja?" Nikasema ndiyo. Alifunga khanga yake upya. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mwenyekiti alipokuja.

Asubuhi ya harusi walifika wanawake wa Kinyamwezi walioitwa na Mama Maganga kutoka Kidodi, waume zao walikuwa wanakata miwa huko, walikuja juu ya lori la miwa wanaimba. Walikwenda moja kwa moja uani kwa Mzee Salehe, wakamkuta Bi Tatu anaota jua juu ya kitanda cha kamba. Hawakumsumbua hata kushuka. Waliinua kitanda na Bi Tatu juu yake, mabegani, kama mababu zao walivyobeba mizigo ya watu kwenda pwani, wakatoka naye barabarani kwa vigelegele. Wasagara walisimama wanacheka, wengine wakifoka uongo, maana mtani akikuteka huna ruhusa ya kukasirika, una ruhusa ya kukomboa tu. Bi Tatu alifungua mwavuli wake. Alipita katikati ya Mikumi juu ya mabega ya watu, akiwapungia mkono wenye maduka.

Tukamweka jikoni, karibu na moto, kwa sababu alisema mifupa yake inapenda jiko. Akapelekwa mtoto kwa Mzee Salehe na ujumbe: mama yako tunaye, njoo ukomboe. Mtoto akarudi na jibu. "Mzee anasema mumpe uji, meno hana. Na mkimchoka mumrudishe keshokutwa." Wanawake wa Kidodi wakapiga makofi, jibu lilikuwa zuri. Mtoto akapelekwa tena. Safari hii alirudi na kuku mmoja, jike, mwembamba, amefungwa miguu. Ndiyo fidia.

Hapo ndipo mambo yalipotutoka mikononi, kwa sababu kila kitu tulikipanga isipokuwa mateka mwenyewe. Bi Tatu alimwangalia yule kuku kwa muda mrefu. "Kuku mmoja," akasema. "Nimezaa, nimelea, nimezika mume, nimelima Kimamba wakati wa njaa, kuku mmoja. Na jike hili hata kutaga halitagi." Akamwambia mtoto amrudishe kuku kwa mwenyewe na amwambie kwamba mateka amekasirika. Akavuta sahani ya chapati, akaichovya kwenye chai, akaanza kula kwa utulivu wa mtu aliyehamia.

Maganga alikuwa kwenye beseni. Bi Tatu akamwita kwa mkono. "We kijana. Hawa mama zako wanamdai nini mwanangu? Ng'ombe?"

"Hapana, bibi. Wanataka anifundishe gari."

"Halafu?"

"Basi."

"Amekataa hilo?"

"Anasema mguu."

Bi Tatu aliuangalia ule mguu bila haraka, akauminya kidogo kama anavyominywa papai sokoni. "Yeye nilimfundisha kutembea akiwa na miguu yote miwili mizima," akasema, "na tulisumbuana sana. Alikuwa mzito." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe wa Rudewa, umejificha nini nyuma ya mlango? Unadhani sikujua nani aliyewaambia? Niongezee chai."

Ilipokaribia alasiri ngoma za upande wa bwana harusi zilianza kusikika, na Mzee Salehe alikuja mwenyewe, ndani ya kanzu nyeupe, kofia imelowa jasho. Jikoni kulijaa. Alimwamkia mama yake kwanza, kisha akatoa noti mfukoni akamnyooshea Mama Maganga. Mama Maganga aliendelea kukoroga mchuzi. "Hizo zikae, mtani. Sisi tuna fedha. Tunakuletea sisi fedha, unatukatalia."

"Mama Maganga, leo ni harusi."

"Ndiyo maana tumekuja leo."

"Mama," akamgeukia Bi Tatu, "bwana harusi anangoja."

"Angoje. Baba yako alingoja misimu miwili."

Watu walicheka. Mzee Salehe naye alicheka, hakuwa na njia, lakini nilimwona anamtazama Maganga, na kicheko kikapungua usoni mwake. "Mimi sikatai kwa roho mbaya," akasema taratibu, kama anaongea nao wawili tu. "Naogopa nimpe kijana huyu matumaini, halafu nije kumnyang'anya mwenyewe kwa mkono wangu."

Maganga alijikausha mikono kwenye suruali. "Mzee, Mwenyekiti ananipeleka kambini baada ya mavuno. Nikishindwa kwako, nitakwenda hukohuko. Hutakuwa umeninyang'anya kitu."

"Wiki moja," akasema Mzee Salehe.

"Mpaka aweze," akasema Bi Tatu.

"Mama."

"Mpaka aweze. Au nivue viatu kabisa?"

Mzee Salehe alimpa Maganga mkono mbele ya watu wote, na ahadi ya fidia ikitolewa hivyo haina kurudi nyuma. Tulimbeba Bi Tatu kumrudisha, mimi nikiwa nimeshika mguu wa kitanda pamoja na maadui. Alikaa kizingitini, akapokea kifungua mlango chake, akakihesabu, akadai kiongezwe.

Mwenyekiti aliruhusu lori litumike jioni, kwa masharti kwamba mafuta tutanunua wenyewe, na kwamba kijana akirudi na leseni kiti cha dereva wa pili ni chake, akishindwa hakuna maneno mengine. Kwa hiyo fedha za visheti zikawa petroli. Petroli ilikuwa haba na ghali miaka ile, na mimi nilizoea kuipima kwa sinia. Sinia moja la visheti lilitosha kuzunguka uwanja wa mpira mpaka Mzee Salehe achoke kutukana. Masinia mawili yalitupeleka njia ya Kidodi na kurudi. Nilikaanga mpaka nywele zangu zikawa na harufu ya shira, na nyuki walinifuata.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Maganga aliweka ncha ya mkongojo juu ya klachi, sehemu ya juu kwapani, na kuinama mbele kwa uzito wa kifua chake, ili mkono wa kushoto ubaki huru kushika gia na wa kulia ubaki kwenye usukani. Kwa akili ilikuwa sawa. Kwa chuma haikuwa. Mkongojo uliteleza, lori liliruka kama mbuzi, likazima. Watoto wa kijiji walikaa kwenye magoli kutazama kama sinema. "Mnyamwezi," Mzee Salehe alikuwa akisema, "babu yako alibeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa kubeba pedali?" Maganga alirudi nyumbani kwapa limechubuka, hawezi kuinua sahani. Jioni moja Mzee Salehe aliondoka na ule mkongojo bila kusema, akamwacha Maganga arudi ameegemea bega langu. Tulidhani ndiyo mwisho. Nilifika hotelini nikalia ndani ya gunia la mchele.

Kesho yake Mzee Salehe alirudi na ule mkongojo. Alikuwa ameukata mfupi kwa kipimo cha kiti cha lori. Chini alikuwa amempelekea fundi wa katambuga, yule anayeshona viatu vya matairi, akauvalisha kiatu cha mpira chenye mkunjo, kinachokumbatia pedali kama mguu. Juu mke wake alikuwa ameuviringisha pamba ya Kilosa ndani ya kipande cha khanga. "Huu ni wa garini," akasema, akimrushia. "Wa kutembelea katengeneze mwingine. Na usiniangalie hivyo, panda." Siku ile lori liliondoka bila kuruka, laini, likazunguka magoli, na watoto wakaondoka kwa sababu hapakuwa na cha kuchekea.

Kuna jioni moja njia ya Kidodi tulikuta tembo amesimama katikati ya barabara, anakula tawi, hana habari. Mimi nilikuwa katikati ya kiti, nilishika mkono wa Mzee Salehe na mguu wa Maganga kwa pamoja. "Rudi nyuma," Mzee Salehe akasema kwa sauti ndogo, "na usimpigie honi mwenye barabara." Maganga akainama, akatafuta gia ya nyuma, akaipata, tukarudi kinyumenyume taratibu mpaka kwenye kona. Hakuzima. Mzee Salehe akasema kwamba pamba inakwenda Kilosa wiki ijayo, na kule kuna afande wa kupima madereva.

Afande alikuwa kijana mwenye soksi zilizonyooka. Aliusoma mkongojo kabla ya kumsoma mtu. "Huyu siwezi kumpima," akasema. "Akiua mtu, nitasema nini?" Maganga alishika mlango wa lori, hakujitetea. Aliyemtetea ni Mzee Salehe. Alivua kofia. "Afande, huyu ni mtani wangu. Akifa, mimi ndiye nitakayecheka msibani kwake, nimeshaandaa na maneno. Lakini mimi nimepanda naye kutoka Mikumi mpaka hapa, na nina wajukuu. Panda naye mpaka relini tu. Ukiogopa, shuka."

Walipanda wawili. Tuliona lori linapita sokoni, linaacha njia kwa mikokoteni, linafika kwenye mwinuko wa reli, linasimama. Afande alikuwa amemwambia asimame palepale kwenye mteremko, kisha aondoke bila kurudi nyuma. Mzee Salehe alikuwa kando yangu na mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga vumbi. Lori lilitetemeka. Halafu likapanda, likavuka reli, likapotea upande wa pili, na hatukuliona kwa muda ambao nilimkumbuka kila mtakatifu na kila sheikh. Liliporudi, Afande aliteremka, akazunguka upande wa dereva, akauinua ule mkongojo, akaugeuza, akabonyeza kiatu chake cha tairi.

"Nani kakufundisha?"

"Mtani wangu."

"Basi kumbe kuna siku huwa hamtanii," akasema Afande, akaenda kutafuta muhuri.

Tulikula sambusa za Kilosa na soda ya machungwa tumesimama, Maganga akitoa leseni mfukoni na kuirudisha, akitoa na kuirudisha. Tukaanza safari ya kurudi jua limelegea, yeye kwenye usukani, Mzee Salehe mlangoni, mimi katikati. Mzee alikuwa anaendelea kufundisha kama kawaida yake. Shimo. Punguza. Mbuzi. Weka ya tatu. Tulipokaribia kijiji cha Ulaya maneno yalianza kuchelewa. "Shimo," akasema, na tulikuwa tumeshalipita zamani. Kisha hakusema tena. Nikamgeukia. Kofia ilikuwa imeshuka juu ya jicho moja, mdomo wazi.

Mimi nimewapakulia chakula madereva wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na najua kwamba dereva hasinzii ndani ya gari analoendesha mtu mwingine. Anakaa amekodoa macho, anakanyaga breki ya hewani mpaka mwisho wa safari.

"Amekuwaje?" Maganga akauliza bila kugeuza kichwa.

"Amelala."

"Amelala kabisa?"

"Anakoroma."

Mbele yetu palikuwa na kilima kifupi chenye mawe, na ng'ombe wawili kando ya njia. Nilimwona Maganga anakaza mkono kwenye usukani. Akainamia mkongojo polepole, polepole kuliko siku zote, akabadilisha gia kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto, na lori likapanda bila kumtikisa mzee hata unywele.